Kitumbua cha Bibi na Namba za Redioni

Hadithi yangu haina sungura wala fisi. Ina redio, chuma cha vitumbua, na binti wa darasa la sita aliyependa kuhesabu kila kitu, hata nguzo za umeme njiani.

Asubuhi moja huko Morogoro redio ilitangaza kwamba mfumuko wa bei nchini umepungua. Binti akaruka kitandani, akakimbilia kibarazani alikokuwa bibi yake akichoma vitumbua, akanyoosha mkono wenye shilingi mia na hamsini.

“Shikamoo Bibi. Nipe kimoja. Redio imesema bei zimeshuka.”

“Marahaba.” Bibi akageuza kitumbua kwa kijiti bila kuinua macho. “Mwambie huyo wa redioni aje aniuzie mchele kwa bei ya mwaka juzi. Kitumbua mia mbili.”

Sasa, wajukuu zangu, nani aliyekosea? Si redio, wala si bibi. Binti alisikia “mfumuko umepungua” akaelewa “bei zimepungua”, na watu wazima wengi, tena wenye tai, huteleza papo hapo.

Mfumuko wa bei ni mwendo. Waliowahi kupanda Mlima Kitonga kwa basi kuelekea Iringa wananielewa: dereva akipunguza mwendo kwenye kona, basi haliteremki. Bado linapanda, ila polepole. Ili bei zirudi chini kweli, namba ile ingepaswa kuwa chini ya sifuri.

Chukueni kalamu. Mwaka 2011 ukame uliipiga Afrika Mashariki, mabwawa ya umeme yakapungua maji, mgawo wa umeme ukatutesa, na mafuta yakapanda bei. Desemba ya mwaka huo mfumuko wa bei Tanzania ulifika asilimia 19.8. Maana yake, kapu la bidhaa lililokuwa shilingi 10,000 Desemba 2010 sasa lilikuwa shilingi 11,980. Desemba 2012 namba ikashuka hadi asilimia 12.1, na watu wakapumua. Lakini kapu? Shilingi 13,430 hivi. Desemba 2013 namba ikashuka tena, asilimia 5.6, na kapu likawa kama shilingi 14,180. Namba imeshuka mara mbili, kapu limepanda mara mbili. Rudieni hesabu hiyo wenyewe, msiniamini tu kwa sababu nina mvi.

Hilo kapu nalo ni la nani? Kila mwezi wadadisi wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu huingia masokoni na madukani kuuliza bei: unga, nauli, mkaa, kodi ya nyumba, ada na mengine mengi. Kila kitu hupewa uzito kulingana na fedha ambazo kaya za nchi nzima hutumia kukinunua. Katika kapu lililoanzia mwaka 2010 chakula kilibeba karibu nusu ya uzito wote. Katika kapu linaloanzia mwaka 2020 kinabeba asilimia 28 hivi. Bibi yetu, ambaye sehemu kubwa ya fedha yake inaishia kwenye mchele, mafuta ya kupikia na sukari, ana kapu jingine kabisa. Mchele ukipanda, yeye huumia kuliko namba ya taifa inavyoonyesha. Namba si ya uongo. Ni wastani tu, na bibi hana nauli ya ndege ya kuwekea uzito.

Jioni redio ikaleta neno jingine: Pato la Taifa limekua. Binti akauliza, “Bibi, na wewe umo?”

Yumo. Pato la Taifa ni thamani ya vitu na huduma zote zilizozalishwa ndani ya nchi kwa mwaka, ila kuna mtego katika kuhesabu. Tuseme mkulima wa Ifakara aliuza mpunga wa kitumbua kimoja kwa shilingi 60. Mwenye mashine akaukoboa, akauza mchele kwa 90. Bibi akauza kitumbua kwa 200. (Mafuta, tui na mkaa tuviache, hesabu isije ikaungua.) Ukijumlisha bei zote tatu unapata 350, nawe umekosea, kwa sababu mpunga umeuhesabu mara tatu. Kinachohesabiwa ni kile ambacho kila mmoja ameongeza: 60, kisha 30, kisha 110. Jumla 200, sawasawa na kitumbua mkononi.

Sasa angalieni kioja. Vitumbua anavyouza bibi vinahesabiwa. Vile anavyowapikia wajukuu bure, pamoja na ulezi wa mtoto aliyembeba mgongoni, havimo. Mimi naona ni upungufu mkubwa, lakini ndivyo dunia ilivyokubaliana kuhesabu.

Na kipimo chenyewe hubadilishwa. Desemba 2014 Tanzania ilihamisha mwaka wa kizio, yaani mwaka wa kulinganishia, kutoka 2001 hadi 2007, ikaingiza shughuli ambazo vitabu vya zamani havikuziona vizuri, na uchumi ukaonekana mkubwa kwa zaidi ya robo. Hakuna gunia hata moja lililoongezeka ghalani. Kenya walifanya hivyo mwaka huohuo, na Nigeria nao: wao waliona uchumi wao ukikaribia kuwa maradufu, simu na filamu zilipohesabiwa vyema, wakaipita Afrika Kusini kwa usiku mmoja. Kwa hiyo mtu akikwambia uchumi umeruka, muulize kwanza kama ameruka mtu au kimebadilishwa kipimo.

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini. Mstari wa kuvuka ulikuwa kipato cha wastani cha dola 1,036 kwa mtu kwa mwaka. Sisi tulikuwa na 1,080. Tulivuka kwa dola 44. Kumbukeni pia kwamba nyumba yenye kuku wawili na jirani asiye na kuku, kwa wastani kila mmoja ana kuku mmoja, na jirani bado analala bila mchuzi.

Riba ya Benki Kuu nitaipitia haraka, maana bibi anaielewa kuliko mimi. Kitumbua kikianza kuungua huchomoa mkaa. Kikibaki kibichi huongeza. Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutumia riba yake hiyo Januari 2024 kwa asilimia 5.5, Aprili ikaipandisha hadi asilimia 6, na Julai 2025 ikaishusha hadi 5.75. Riba ikipanda mikopo huwa ghali, watu hununua kwa kujizuia, na moto wa bei hupoa. Tofauti ni kwamba mkaa wa bibi hufanya kazi papo hapo, wa Benki Kuu huchukua miezi.

Tangu siku hiyo binti ana daftari lake. Kila mwisho wa mwezi huandika bei za kapu la nyumbani kwao: mchele, sukari, mafuta, mkaa, nauli ya daladala, na mwishoni kabisa, kitumbua. Juzi bibi alivaa miwani akalipekua, ukurasa baada ya ukurasa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha kidole chake kikasimama kwenye mstari wa mwisho.

“Hapa futa. Kuanzia kesho mia mbili na hamsini.”

Binti alishika kalamu, akanung’unika kidogo, akaandika pembeni: asilimia 25.