Sura ya Tatu: Kabla Hujaomba Udaktari wa Meno

Tanzania hakuna atakayekuuliza kwa nini unataka kuwa daktari wa meno. Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, unaingia kwenye mfumo wa udahili wa chuo, unajaza namba yako ya mtihani, unachagua kozi, unalipa ada ya maombi, imetoka hiyo. Waombaji hupangwa kwa alama zao za Fizikia, Kemia na Baiolojia, na aliyepita amepita. Uingereza mwombaji wa meno hufanya mtihani wa UCAT, hutuma maombi ifikapo katikati ya Oktoba ya mwaka unaotangulia masomo, kisha huitwa kwenye usaili. Marekani kuna mtihani wa DAT, na sehemu yake moja humpima mtu anavyoyaona maumbo na pembe kichwani. Canada kwa miaka mingi waombaji walipewa kipande cha sabuni na kisu, wakachonge umbo kwa vipimo. Kwetu swali hilo la mkono na moyo limeachwa kwako wewe na wazazi wako. Usaili ambao chuo hakikufanyii, jifanyie mwenyewe, na uufanye ukiwa bado kidato cha tano. Ukishamaliza mitihani ya Mei muda hauko mikononi mwako tena: kuna mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), kuna matokeo, kuna dirisha la udahili, na vyote hufuatana mbiombio.

Naanza na jambo ninalolisikia kila mwaka: “Nikikosa MD, nitakwenda meno.” Naelewa linakotoka. Kozi zote mbili, MD ya udaktari wa binadamu na ya meno, huchukua miaka mitano, zote hufuatiwa na mwaka mmoja wa utarajali, na zote hudai masomo yaleyale ya PCB. Hata darasani wanafunzi wa pande hizi mbili husoma pamoja mwanzoni: anatomia, fiziolojia, biokemia. Lakini anayesoma udaktari wa binadamu ameahirisha uamuzi wake mkubwa. Akimaliza anaweza kuwa mpasuaji, na akiona kisu hakimfai anaweza kwenda kwenye magonjwa ya akili, watoto au afya ya jamii. Wewe wa meno umeamua ukiwa na miaka kumi na tisa kwamba maisha yako yatapita ndani ya nafasi ya sentimita chache, na kwamba riziki yako itatoka kwenye vidole. Wapo waliokwenda meno kwa kukosa MD wakaipenda kazi hadi leo. Wapo pia waliofika mwaka wa tatu, wenzao wakaingia wodini, wao wakakalishwa mbele ya kichwa cha bandia chenye meno ya plastiki, ndipo wakagundua kuwa hawapendi kabisa kazi ya mikono. Huo ni mwaka mbaya wa kugundua.

Kwa hiyo nenda ukaone. Andika barua fupi kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali ya wilaya iliyo karibu, umpitishie mkuu wa shule aigonge muhuri, uombe kukaa kitengo cha kinywa na meno siku chache za likizo. Kliniki binafsi ya mjini yenye kiyoyozi nayo ina mafunzo yake, lakini usianzie huko. Kaa pembeni, nyamaza, omba ruhusa ya mgonjwa kabla ya kusogea.

Utakapoona jino liking’olewa, usilikodolee macho jino. Tazama kabla yake. Ili kulitia ganzi gego la chini, daktari huingiza kidole gumba nyuma ya gego la mwisho na kupapasa mfupa wa taya unapojikunja kupanda juu. Akishapata alama yake, sindano hupita pale, kwenye nyama, kuutafuta mshipa wa fahamu asiouona. Kisha anasubiri. Anamuuliza mgonjwa: “Mdomo umekuwa mzito? Mpaka huku kwenye kidevu?” Mgonjwa asipokufa ganzi, daktari hashiki koleo. Na koleo likishika, utashangaa kuona daktari havuti. Kwanza analisukuma kuelekea kwenye mzizi, halafu analiyumbisha taratibu nje na ndani, mfupa upanuke kidogo kidogo, mpaka jino liachie lenyewe. Mwanafunzi anayeipata ladha ya jambo hilo, kwamba nguvu imetumika kidogo na maarifa mengi, ana jibu la nusu ya usaili wake.

Nusu nyingine ataipata kwenye benchi la wagonjwa la nje. Watu wetu wengi hufika hospitali jino likiwa limeshaoza hadi ndani, baada ya wiki za karafuu na vidonge vya maumivu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu karibu bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, na benchi lile litakuonyesha namba hiyo ina sura gani. Kung’oa ndiko kutakuwa kwingi, kuziba kuchache. Ukiona hivyo usikate tamaa haraka. Ni Tanzania hii hii, katikati ya miaka ya 1980, ilikoanzia njia ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu, bila umeme wala drili: unakwangua sehemu laini iliyooza, unaziba kwa saruji ya glasi-ayonoma inayoshikamana na jino. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaipigia debe duniani kote, na leo inafahamika kwa ufupisho wa ART. Anayeomba kozi hii akijua habari hiyo anajua pia kwamba umaskini wa vifaa haujawahi kuwa mwisho wa fikra.

Utakutana pia na mambo ambayo vitabu vya nje huyagusa kwa mbali. Arusha, Kilimanjaro na Manyara utaona meno yenye madoa ya kahawia, wakati mwingine yaliyomomonyoka, kwa sababu maji ya ukanda ule yana floridi nyingi kuliko miligramu 1.5 kwa lita zinazopendekezwa, na magadi ya kupikia huongeza. Utaona mtoto asiye na chonge. Ukiuliza, utaambiwa alipokuwa mchanga alipata homa na kuhara, mtu akaona uvimbe mweupe kwenye fizi, akasema ni “meno ya plastiki”, yakatolewa. Uvimbe ule ulikuwa chonge changa lililokuwa likijitengeneza. Sikiliza daktari anavyomweleza mama yule. Akimfokea, mama hatarudi, na mtoto wa pili atapelekwa kulekule. Akimweleza kwa upole kwamba homa na jino ni mambo mawili, amemwokoa mtoto ambaye bado hajazaliwa. Kama wewe ni mtu wa kukosa subira na wazee, jua kwamba mikono mizuri peke yake haitakufikisha mbali.

Rudi nyumbani ujaribu mikono hiyo. Nunua mche wa sabuni, kata kipande, tafuta picha ya gego la kwanza la chini. Lina vilele vitano juu na mizizi miwili. Lichonge likiwa kubwa mara tatu ya lilivyo, kwa kisu kidogo chenye ncha. La kwanza litafanana na kiazi. Chonga la pili. Ninachotaka ujichunguze ni hali yako baada ya saa nzima, kilele cha nne kimevunjika na inabidi uanze upya: unahamaki, au unasogeza kiti karibu? Wepesi wa vidole hufundishika. Nimewaona waliokuja na mikono mizito wakatoka na mizuri. Kutokasirikia kitu kidogo hufundishika kwa shida sana. Halafu weka kioo mezani na uchore nyota ukitazama kioo pekee, bila kutazama karatasi. Mkono utakwenda kinyume na unavyotaka. Magego ya juu hutibiwa hivyohivyo, kwa kuangalia kwenye kioo kidogo.

Sasa makaratasi, na hapa nitakwenda haraka. Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu hutoka kila mwaka. Soma wa mwaka wako, usitegemee wa kaka yako. Alama A ina pointi 5, B 4, C 3, D 2, E 1, na sifa ya chini iliyoandikwa pale ni ya kuruhusiwa kuomba. Ya kuchaguliwa huwa juu zaidi, maana nafasi ni chache, kwa hiyo Kemia na Baiolojia usiziendee kwa kubahatisha. Ukichaguliwa vyuo viwili, thibitisha kimoja kwa namba ya siri utakayotumiwa, ndani ya muda. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA mapema, kwani Bodi ya Mikopo haitakusubiri. Wakala akikupa chuo cha nje, usitoe hata shilingi kabla hujaiuliza Tume na Baraza la Madaktari Tanganyika kama shahada yake inatambuliwa. Kwa Kenya, njia hupitia KUCCPS baada ya KCSE, na Chuo Kikuu cha Nairobi kimefundisha kozi hii tangu miaka ya 1970. Popote uendako, anza chanjo ya homa ya ini B mapema. Dozi zake tatu huchukua kama miezi sita, na hutaki kugusa damu kabla hazijakamilika.

Na ikiwa alama hazikutosha lakini usaili wako mwenyewe ulikwenda vizuri, ipo stashahada ya tabibu wa meno, ya miaka mitatu. Wilaya nyingi hutegemea matabibu hawa kutibu meno. Mwenye stashahada yenye ufaulu mzuri anaweza kuomba shahada kwa sifa linganishi, na akifika mwaka wa tatu, kile kichwa cha bandia hakimtishi. Ameshang’oa meno halisi kwenye midomo ya watu wenye hofu, na anajua tayari kama anaitaka kazi hii.