Asante Haitiwi Chunguni

Nyumbani kwetu baba alikuwa na redio ndogo ya betri. Ilikaa juu ya kabati, na sisi watoto tulikatazwa kuigusa. Saa ya taarifa ya habari ilipofika, kabla msomaji hajasema neno, zililia ngoma. Mama akizisikia tu husema, “Haya, nyamazeni,” nasi tulinyamaza, hata kama ugali umekwisha kupakuliwa. Ngoma zile za Redio Tanzania Dar es Salaam zilijulikana kila palipokuwa na redio, mjini na porini, na hata asiyejua kusoma saa alijua kwazo kuwa saa imefika.

Basi majuzi niliwauliza watoto wa mafundisho: ngoma zile alizipiga nani? Wakatazamana. Nikawauliza baba zao na mama zao baada ya Misa. Hawa walizisikia miaka mingi kuliko mimi, wakacheka na kuiga mlio wake kwa midomo, vizuri sana, lakini jina hawakuwa nalo. Mzee mmoja tu alijibu.

Alizipiga Mzee Morris Nyunyusa. Alikuwa kipofu. Alizipanga ngoma zake kubwa na ndogo kumzunguka, kisha akazipiga nyingi kwa pamoja, yeye peke yake, hata asiyemwona akadhani ni kundi zima la watu. Mwaka 1981, ambao Umoja wa Mataifa uliutenga kwa ajili ya watu wenye ulemavu, picha yake ilitiwa katika stempu ya posta ya nchi yetu, stempu ya senti hamsini. Hiyo ni heshima kubwa, maana si kila mtu hubandikwa juu ya barua. Hata hivyo sisi tulikula ugali wetu na ngoma zake kila jioni, tukakua, tukaoa, tukazaa, na hatukupata kuuliza jina la mtu yule.

Nimelianza jambo hili kwa sababu ya daftari.

Kazi yangu ni karani wa parokia. Naandika ubatizo, ndoa, mazishi, zaka na mavuno. Na kwa kuwa nilipita chuo cha ualimu, watu huniona mwepesi wa hesabu, hivyo arusi na sherehe za vijiji vya jirani nazo huniletea madaftari yao. Mwaka jana, baada ya mavuno, kijiji kimoja cha huku kwetu Singida kilifanya sherehe kubwa. Mtama ulikuwa umekubali, alizeti nazo zilipata bei, watu walikuwa na furaha. Kamati ikasema, “Safari hii tusipigiwe muziki wa mashine tu, aitwe mzee wetu wa zeze.”

Mzee akaja. Alitoka kwake alfajiri kwa miguu, zeze lake amelifunga katika kitambaa cheupe na kulitia kwapani kama mtu abebaye mtoto. Alipiga tangu baada ya Misa hata jua lilipoinama. Nyote mwajua kazi ya mpiga zeze ilivyo. Hapigi nyuzi tu, humtazama kila aingiaye, akamtia katika wimbo: huyu alichimba kisima, huyu mama alimlea yatima, huyu kijana amerudi kutoka Dar es Salaam na hakuwasahau wazee wake. Siku ile aliwashukuru watu kwa majina tangu asubuhi hata jioni. Wazee walisimama kucheza ambao mwaka mzima husema magoti yanauma.

Jioni nikafungua daftari ili kufunga hesabu. Mwenye vipaza sauti, shilingi elfu themanini. Mwenye turubai na viti, kadhalika amelipwa. Mpiga picha amelipwa. Mpishi amelipwa, na kuni, na soda. Nikatafuta mstari wa mpiga zeze, haukuwapo. Nikamwendea mwenyekiti wa kamati, nikamwuliza. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, maana si mtu mbaya. “Yule ni wetu, Karani,” akasema. “Tumemshukuru.”

Ni kweli, tulikuwa tumemshukuru. Tulipiga makofi marefu. Na mama mmoja alimfungia pilau katika mfuko. Mzee akaaga, akaenda zake gizani na zeze lake na pilau lake. Nami nilifunga daftari nikanyamaza, kwa hiyo nikiwalaumu wengine na mimi nimo.

Neno lile, “ni wetu”, limenikaa moyoni. Mwenye vipaza sauti alitoka mjini, si wetu, basi alilipwa kabla hajafungua nyaya zake. Mzee ni wetu, basi akapewa asante. Je, mwenzetu akiwa ni wetu, tumbo lake nalo huacha kuona njaa?

Lakini nisiwe na haraka, maana katika neno hilo mna kweli pia. Mpigaji hatoki mbinguni na zeze mkononi, watu ndio waliomfanya. Na hapa yafaa niwakumbushe habari za jirani yetu wa Ugogo, marehemu Hukwe Zawose, ambaye wasomaji wa Manyoni pengine mwamjua kuliko mimi.

Huyu alikuwa Mgogo wa Dodoma. Alikua akichunga ng'ombe kama watoto wengi wa bara, na kuimba hukohuko machungani. Alipiga zeze na ilimba. Ilimba, kwa msomaji asiyeiona, ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba vilivyopangwa juu yake, hupigwa kwa vidole gumba. Katika ilimba kubwa vyuma huwa makumi, na si vyote vinavyoguswa: vingine vimewekwa ili viitikie tu wenzake wanapopigwa. Katika tundu la sanduku fundi hubandika utando wa buibui, ndio utoao ule mvumo kama wa nyuki. Mimi hupenda sana kuvifikiri vile vyuma visivyoguswa. Ukiving'oa, hakuna atakayejua ni kipi kilichotoka, lakini kila mtu atasikia kuwa sauti imepungua.

Sifa za Zawose zilimfikia Mwalimu Nyerere, naye akamwita Dar es Salaam apige kwa ajili ya taifa. Baadaye alikuwa mwalimu katika Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981. Akaenda Ulaya, Marekani na kwingineko. Huko Uingereza nyimbo zake zilitolewa na kampuni ya Real World ya mwanamuziki Peter Gabriel, na mwaka 2002 alitoa santuri pamoja na Michael Brook, mtu wa Kanada. Watu wasiojua neno moja la Kigogo walikaa kimya kumsikiliza akishuka kwa sauti nene ya kifuani na kupanda kwa sauti nyembamba kama ya mtoto.

Mtu mwingine angeyapata hayo akajenga ukuta. Zawose alifanya nyumba yake ya Bagamoyo kuwa kama kijiji cha Wagogo kando ya bahari. Watoto, wajukuu na wapwa walikua humo wakipiga na kuimba. Charles Zawose, kijana wa ukoo wake, alisafiri naye akasimama kando yake mbele ya wageni. Na nyimbo alizoziimba zilitoka kwa wazee wa Ugogo, kwa jando, kwa mavuno, kwa kuomba mvua. Alikuwa na deni, na nadhani alilijua, maana alilipa kwa njia awezayo mpigaji: aliwafundisha wengine.

Hapo lipo jambo jingine ambalo akina mama watalipenda. Katika Ugogo ngoma ya muheme ni ya wanawake. Wao huishika katikati ya mapaja, wakaipiga kwa mikono hata ardhi ikatikisika. Wanawake wa ukoo wa Zawose walipiga na kuitikia miaka yote, lakini jina lililotajwa mbele lilikuwa la baba. Yeye alifariki mwezi wa Desemba mwaka 2003. Mwaka 2024 Pendo Zawose, bintiye, na Leah Zawose, mjukuu wake, walitoa santuri yao wenyewe, nayo waliiita Maisha. Safari hii wao ndio wanaoongoza, na zeze na ilimba wanazishika kwa mikono yao. Hesabuni wenyewe tangu 2003. Vyuma visivyoguswa vimeguswa, ingawa kwa kuchelewa.

Wala si bara peke yake. Huko Unguja, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alitembea kwa miguu mpaka mjini akiuza vyungu, akiwaita wanunuzi kwa sauti yake. Alikuja kufundishwa kuimba, na mwaka 1928 alisafiri na wenzake mpaka Bombay, Bara Hindi, zikatiwa nyimbo zake katika santuri za sahani. Alipokuwa na jina kubwa hata masultani walimwalika, nyumba yake ya Ng'ambo iliendelea kujaa majirani usiku, watu wa kawaida, wakiyasikia mambo yao wenyewe katika nyimbo: nani kadhulumiwa, hakimu kasema nini. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert mwenyewe aliandika wasifu wake, heshima wasiyoipata wauza vyungu wengi.

Basi wote hawa walifanywa na watu, nao wakawarudishia watu. Ndivyo inavyokwenda. Lakini angalieni: mpigaji anapowarudishia watu hutoa kitu, hutoa siku yake, vidole vyake, miguu yake iliyotembea tangu alfajiri. Sisi nasi tukimrudishia, mbona tunatoa makofi?

Najua watakaonijibu. Baba mmoja aliniambia, “Karani, ukianza kuwalipa, kesho kwaya nayo itadai.” Hapana. Mwanakwaya aimbaye katika Misa anamwimbia Mungu pamoja na kanisa zima, na mimi ni wa kwanza kusema asilipwe, ila sare yake tumshonee. Mzee aliyeitwa na kamati kwenye sherehe aliacha shamba lake siku nzima, kama alivyoacha mpishi shamba lake. Tofauti ya wawili hao sijaiona bado.

Tena sisi Wakatoliki tuna deni letu la pekee kwa watu hawa. Wazee wetu wasimulia kwamba zamani katika misheni nyingi ngoma na zeze vilibaki nje ya kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, ulifundisha kwamba muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake na nafasi yake katika ibada. Leo ngoma na kayamba vikilia wakati wa vipaji twaona ni jambo la kawaida. Lakini ni nani waliovihifadhi miaka ile vilipokuwa nje? Ni hao hao, waliovipiga kwenye mavuno bila mtu kuwaandika.

Na vijana wapiga muziki nao niwaguse kidogo, wasije wakadhani nawatetea kwa kila jambo. Wako wanaokwenda kwa mzee na simu, wakauchukua wimbo wake, wakatia vinanda vya mashine, wakauuza kama wao. Ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, lakini sheria haikai barazani kwa mzee. Kijana aliyekula wimbo wa mtu na atoe jina lake, na kitu cha mboga.

Sasa nimalizie habari ya daftari. Mwaka huu kamati ilikaa tena. Kabla ya kuandika turubai, nikaandika: mpiga zeze, shilingi elfu arobaini. Palitokea maneno, sitaki kuyarudia yote. Mmoja aliuliza kama mzee huyo ni ndugu yangu. Mama aliyemfungia pilau mwaka jana ndiye aliyesimama, akasema maneno machache tu: “Pilau lile lilikwisha usiku uleule.” Tukapatana shilingi elfu thelathini na debe la mtama, vipelekwe mapema ili asije kwa miguu.

Nilivipeleka mimi kwa baiskeli. Nikampigia hodi, nikamwamkia, “Shikamoo, Mzee.” Akaitika, akanipa kigoda. Alizihesabu fedha polepole, akazifunga katika kile kitambaa cheupe cha zeze. Akamwita mjukuu wake apokee mtama. Kisha akaanza kuzikaza nyuzi, akanitia katika wimbo mimi na baiskeli yangu, na mwenyekiti, na yule mama wa pilau, ambaye jina lake alilikumbuka mwaka mzima. Alipomaliza aliliweka zeze chini, akaniuliza kwa upole kabisa, kama mtu aulizaye habari za mvua:

“Na ile ya mwaka jana, mwanangu?”

Sikuwa na jibu. Nimeiandika katika daftari, mstari wa kwanza, kwa wino mwekundu. Kamati itakaa Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili.