KADI SI ULANZI, HAIKOLEI KWA KUKAA!

Wewe wa Mlandege, wewe wa Kihesa, na hata wewe uliyeko Mbeya pale Mwanjelwa, wiki hii tunaweka pembeni mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele. Tunazungumzia mshiko wako. Ule uliouchanga kidogo kidogo kwa kuhariri video za harusi na kuchora mabango, na ambao dalali mmoja mwenye maneno matamu anaweza kuupukutisha kwa dakika tano tu.

Ulanzi sote tunaujua. Ukiwa mbichi unaitwa mtogwa, mtamu kama juisi. Ukikaa unageuka mkangafu, vikombe viwili unaanza kusalimiana na miti. Yaani ulanzi unapata nguvu kwa kukaa. Kadi ya grafiksi ya kompyuta ni kinyume kabisa, lakini wapo wanaoiuza kana kwamba nayo inakolea.

NAMBA ZA KUDANGANYIA

Mchezo wenyewe unachezwa hivi. Dogo anakuja dukani anataka kadi ya kikazi, siyo ya kuchezea magemu. Hapo hajakosea. Kadi za kikazi draiva zake hujaribiwa na kuthibitishwa kwa ajili ya programu kama AutoCAD na SolidWorks, ili mchoro usikugandie usiku wa kuamkia siku ya kuukabidhi.

Dalali anamtolea mbili. "Dogo, hii ni Quadro 4000, ile pale ni RTX A2000. Elfu nne na elfu mbili, ipi kubwa? Basi hii kubwa nakuachia kwa bei ya kishkaji." Dogo anachekelea, analipa, anaondoka. Kaingizwa mjini kweupe!

Hebu tuseme ukweli. Namba kwenye kadi ni kama namba ya jezi. Inakuonyesha nafasi ya mchezaji kwenye timu yake ya wakati ule. Haikwambii timu yenyewe ilicheza mwaka gani.

MKONGWE NA KINDA UWANJANI

Quadro 4000 iliingia sokoni mwaka 2010. Ina viini 256 vya kufanyia hesabu na memori ya gigabaiti 2. Ikifanya kazi kwa nguvu zote inakula hadi wati 142, tena inadai waya wake wa umeme kutoka kwenye pawa saplai.

RTX A2000 ilitoka mwaka 2021, wakati NVIDIA wameshaanza kuliacha jina la Quadro. Ina viini 3,328 na memori ya gigabaiti 6, na baadaye mwaka huohuo likaja toleo la gigabaiti 12. Chakula chake ni wati 70 tu, na wati hizo inazichota kwenye mazabodi bila waya wa pembeni. Kwa nguvu ya hesabu, kwenye karatasi, kinda huyu anamzidi mkongwe kama mara 16. Kazi zaidi, umeme nusu!

Tofauti yao ni wati 72. Ukizipiga kwa nguvu zote saa 8 kila siku, kwa mwezi mmoja mkongwe anakula uniti kama 17 zaidi. LUKU yako unaijua mwenyewe, piga hesabu.

Kibaya zaidi, mkongwe huyu ameshastaafu. Draiva mpya za kizazi chake hazitengenezwi tena, na programu nyingi za leo hazimtambui. Blender ya siku hizi haikubali kumtumia kurenda. Wewe wa video za harusi ndiyo usiseme: Quadro 4000 haina kile kipande cha kubana video ambacho kadi za baadaye zinacho, kwa hiyo mzigo wote unamwangukia prosesa. Bibi harusi anataka video yake Jumatano, kompyuta inakwambia asilimia 12.

YUPO KAKA WA KATI

Kama mfuko hauruhusu kinda, usikate tamaa. Kuna Quadro P2000 ya mwaka 2017: viini 1,024, memori gigabaiti 5, wati 75, na haidai waya wa ziada. Inafungua na kubana zile video za H.265 zinazotoka kwenye simu na kamera za sasa. Kwa harusi, kipaimara na klipu za wasanii wetu wa mtaani, bado inakwenda.

Ila ujue unanunua mtu mzima. Mwaka 2025 NVIDIA walitangaza kwamba kizazi chake hakitakuwemo kwenye matoleo mapya ya draiva, kinabaki na marekebisho ya usalama kwa muda. Tena haina vile viini maalumu vya kukokotoa miale ya mwanga, ambavyo A2000 inavyo 26. Kwa mhariri wa video hilo si soo kubwa. Kwa mwanafunzi wa usanifu majengo pale MUST Mbeya, anayetaka kuonyesha jua la saa tisa likipita dirishani na kugonga sakafu, hapo ndipo kinda anapoonyesha cheche.

Na wale mnaochora ramani za nyumba za kawaida, mistari mitupu, acheni kujitesa. Kazi hiyo kaka wa kati anaifanya huku anasinzia. Hela inayobaki ongezeni RAM.

KABLA HUJATOA NOTI

Kwanza, uliza mwaka na kizazi, usiulize namba. Hata idadi ya viini isikutie kiwewe: RTX 2000 Ada ya mwaka 2024 ina viini 2,816, vichache kuliko vya A2000, lakini inaikimbiza kwa sababu kila kiini kina kasi zaidi.

Pili, pima lile boksi tunaloliita CPU. Yale madogo ya maofisini yanayouzwa mitumba hayapokei P2000 kwa urefu wake wa kusimama. A2000 ni fupi, inaweza kuingia, ila unene wake unachukua nafasi mbili, kwa hiyo hakikisha zipo.

Tatu, tazama matundu. A2000 ina matundu manne ya DisplayPort yale madogo, hakuna HDMI wala VGA. Nunua na adapta yake siku hiyohiyo, usije ukarudi nyumbani ukaishia kutazama monita nyeusi.

Nne, usilipe kadi ikiwa mfukoni. Ichomekwe, iwashwe, kisha ifunguliwe programu ya bure ya GPU-Z. Kuna wajanja wanaobadilisha maandishi ya ndani ya kadi kuukuu ili ijitambulishe kwa jina jipya, na GPU-Z huwaumbua wengi kwa kuandika wazi kwamba ni feki. Muuzaji akianza kusema umeme umekatika huku redio yake inaimba, mwage kwa heri, vuka barabara.

Haya, kwa leo inatosha. Wiki ijayo tunarudi kwenye mapenzi, maana nako wapo wanaodanganywa kwa namba!