Chumvi na Maji kwa Mtoto Anayeharisha

Wakati wa masika mito ya Themi na Naura hushuka kutoka Mlima Meru ikiwa imebeba uchafu wa kila namna, na katika nyumba nyingi watoto huanza kuharisha. Niliwahi kuitwa usiku kumwombea mtoto aliyeshikwa na degedege. Jamaa waliamini amepagawa. Alikuwa ameharisha siku mbili, akinyweshwa maji matupu na chai ya rangi. Tulimwombea ndani ya gari, tukielekea hospitali.

Maabara hupima sodiamu, iliyo sehemu ya chumvi yetu ya mezani. Katika lita ya damu kiasi cha kawaida ni milimoli 135 hadi 145. Anayeharisha hupoteza maji na sodiamu kwa pamoja. Akirudishiwa maji peke yake, sodiamu hupungua katika damu, maji hupenya ndani ya seli, na ubongo, uliofungwa ndani ya fuvu, huvimba bila kuwa na nafasi. Ndipo huja usingizi mzito na degedege.

Lipo na kosa la upande wa pili, nalo hutendwa kwa upendo: pakiti nzima ya ORS humiminwa katika kikombe kimoja ili dawa “iwe na nguvu”. Chumvi ikizidi katika damu, maji hutoka ndani ya seli, ubongo husinyaa, na degedege huja vilevile. (Wazee wetu wanakumbuka chumvi iliyotiwa ulimini mwa mtoto katika ubatizo, kabla ya ibada mpya ya 1969. Ilikuwa chembe tu.)

Tangu 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF hupendekeza mchanganyiko wenye milimoli 75 za sodiamu na 75 za glukosi kwa lita. Viwili hivyo huvuka ukuta wa utumbo kwa pamoja, na maji huvifuata. Ndiyo sababu sukari imo. Basi someni pakiti: ikiandikwa lita moja, iwe lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Yanayosalia baada ya saa 24 yamwagwe. Aliye chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila aharishapo, kwa kijiko, polepole, na aendelee kunyonya.

Macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa, akilegea au akipata degedege, apelekwe hospitali saa ileile, hata usiku wa manane. Nami nipigieni simu mkiwa njiani.