Chalbi: Watoto wakiliona ziwa, wape maji

Asubuhi mjini Marsabit kuna ukungu, na mtoto huhitaji sweta. Gari likiteremka kuelekea Jangwa la Chalbi, ataivua njiani. Zamani huku chini palikuwa ziwa. Leo ni uwanda mweupe wa chumvi, na mchana mazigazi huonyesha maji yasiyokuwepo. Watoto hushangilia, kisha huuliza mbona hawafiki.

Maji ya kweli yako Kalacha, penye chemchemi na mikoche, ambako Wagabra hunywesha ngamia wao. Mwenye bahati ataona choroa au mbuni wa Kisomali, yule mwenye shingo ya kijivu-bluu.

Tatizo ni upepo. Hukausha jasho mara moja, mzazi akadhani mwanawe hatoki jasho. Mpe maji kabla hajaomba. Midomo ikikauka na mkojo ukawa mchache, wa rangi nzito, ameanza kuishiwa maji. Akisinzia ovyo, mpeleke kivulini, mloweshe mwili, mkimbize kituo cha afya. Mchanga wa chini ya miezi 6 anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Maji hayahitaji, hata huko.

Msimu wa mvua usiende: chumvi hugeuka tope, na gari hukwama mbali na msaada.