Mtoto wa Kinyozi na Mlima wa Bluu

Huko Covent Garden, London, alikuwapo kinyozi aliyetengeneza pia mawigi. Mwaka 1775 alipata mtoto wa kiume, Joseph Mallord William Turner. Mtoto alipoanza kuchora, baba alitundika picha zake dukani, akaziuza kwa shilingi chache.

Alipofika miaka 14, Turner alipokelewa katika shule ya sanaa ya Royal Academy. Mwaka uliofuata, 1790, picha yake ya rangi za maji ikaingia kwenye maonyesho. Ilikuwa ya majengo: mistari imenyooka, kila dirisha mahali pake. Safi sana, ingawa mimi naiona kavu kidogo.

Jioni nyingi alikwenda na rafiki yake Thomas Girtin nyumbani kwa daktari mmoja mpenda sanaa, Thomas Monro. Huko walinakili picha za wakubwa wao. Girtin alichora mistari, Turner akapaka rangi. Ujira ulikuwa pesa kidogo na chakula cha usiku, tena chaza! Msicheke. Kule kunakili ndiko kulikoufundisha mkono wake.

Sasa sikilizeni shida ya rangi za maji. Rangi yake nyeupe ni karatasi yenyewe; ukishaifunika, kuirudisha ni kazi. Tena maji ni kama mbuzi mkorofi: ukimvuta sana anagoma, ukimwachia kabisa anapotea. Turner alijifunza lini avute na lini aachie. Alitembea Wales, Ufaransa, Uswisi na Italia, daftari mkononi, akichora haraka kwa penseli.

Mwaka 1818, akiwa mgeni wa Walter Fawkes huko Yorkshire, aliombwa achore manowari ili watu waone ukubwa wake. Familia ile ilisimulia alivyoanza: akamwaga rangi mpaka karatasi ikalowa chapachapa, kisha akaikwaruza na kuisugua kama aliyepandwa na wazimu. Kidogo kidogo meli ikajitokeza. Kabla ya chakula cha mchana ilikuwa tayari, na kamba zake zote! Mkono uliozoea kuhesabu madirisha haukusahau kamba.

Milima iliyozunguka ziwa la Lucerne, Uswisi, aliiona kwanza mwaka 1802, akiwa kijana. Alirudi huko uzeeni, akautazama mlima mmoja, Rigi, saa baada ya saa. Mwaka 1842 akautolea picha tatu: mmoja mwekundu wa jioni, mmoja wa giza, na mmoja wa bluu wa alfajiri. Katika ule wa bluu hakuna mistari ya rula. Mlima umejengwa kwa rangi nyepesi, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lilisubiriwa likauke. Halafu nyota ya asubuhi: hakuipaka. Aliikwangua mpaka karatasi nyeupe ikaonekana.