Mita Mia, Mara Mia Nne

Usain Bolt alipomaliza mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin, Agosti 2009, wastani wa kasi yake ulikuwa mita 10.44 kwa sekunde, sawa na kilomita 37.6 kwa saa. Lakini wastani huficha mengi. Mita 20 za mwanzo zilimchukua sekunde 2.89, yaani hata mita 7 kwa sekunde hazikutimia. Kati ya mita ya 60 na ya 80 alitumia sekunde 1.61 tu: karibu kilomita 45 kwa saa!

Ndiyo maana siku chache baadaye alikimbia mita 200 kwa sekunde 19.19. Umbali uliongezeka mara mbili na muda nao mara mbili, kwa sababu katika mia ya pili hakuna tena kuchomoka kutoka kusimama. Wajamaika walionyesha jambo hilohilo London mwaka 2012 katika kupokezana vijiti: sekunde 36.84 kwa watu wanne, wastani wa 9.21 kwa kila mia. Peke yake, hakuna aliyewahi kuufikia muda huo, lakini watatu kati yao walipokea kijiti wakiwa tayari mbioni.

Mwaka huohuo duma aitwaye Sarah, wa hifadhi ya wanyama ya Cincinnati, alikimbia mita 100 kwa sekunde 5.95. Kwa muda huo Bolt wa Berlin alikuwa hajafika mita ya 60.

Kwangu mimi, uhondo unaanzia mbio za kati. Katika fainali ya Olimpiki ya London, David Rudisha alishika uongozi tangu mwanzo, bila mtu wa kumwongozea kasi, akamaliza mita 800 kwa dakika 1:40.91. Wastani wake, mita 7.93 kwa sekunde, unazidi ule wa Bolt katika mita zake 20 za mwanzo, na Rudisha aliushikilia kwa mizunguko miwili. Wa kwanza ulimchukua sekunde 49.28, wa pili 51.63. Aliyeshika mkia siku ile alitumia 1:43.77, muda ambao ungempa dhahabu katika fainali za Beijing, Athens na Sydney.

Ujasiri huo wa kuongoza mwanzo hadi mwisho Watanzania waliujua zamani. Filbert Bayi aliutumia Christchurch mwaka 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, akaweka rekodi ya dunia ya mita 1,500: dakika 3:32.2. John Walker wa New Zealand alikuja sekunde 0.3 nyuma. Kwa mwendo waliokuwa nao, hizo ni kama mita 2 tu, na Walker naye aliipita rekodi ya zamani.

Hata hivyo, hesabu inayonishangaza kuliko zote ni ya Kelvin Kiptum. Chicago, Oktoba 2023, alikimbia marathoni kwa saa 2:00:35. Ukilinganisha na Bolt, umbali umeongezeka mara 422 na muda mara 755. Gawanya 755 kwa 422, unapata 1.79: Bolt hakumzidi Kiptum kasi hata mara mbili! Kila mita 100 Kiptum alizipita kwa wastani wa sekunde 17.15, na akarudia hivyo zaidi ya mara mia nne. Joshua Cheptegei wa Uganda alipovunja rekodi ya mita 5,000 mwaka 2020, kwa dakika 12:35.36, alikwenda mita 6.62 kwa sekunde. Kiptum alikwenda 5.83. Safari ni ndefu zaidi ya mara nane, kasi imepungua kwa asilimia 12 tu.

Tena hakuchoka jinsi tunavyotarajia mtu achoke. Nusu ya kwanza ilimchukua dakika 60:48, ya pili 59:47. Lau nusu hizo mbili zingeshindanishwa kama wakimbiaji wawili, Kiptum wa nusu ya pili angekata utepe huku yule wa kwanza akiwa bado na zaidi ya mita 350 za kukimbia.